Ukame ukibana, maji yagawiwe kwa saa au kwa lita?

Mleta mada:
Wakuu, bwawa likishuka na mvua haieleweki, kuna njia mbili zinazobishaniwa. Moja ni mgao wa saa: mtaa huu Jumatatu na Alhamisi, ule Jumanne na Ijumaa. Ya pili ni maji kutoka muda wote, ila kila mtu awe na kikomo cha lita, na anayezidisha atozwe zaidi au afungiwe kifaa cha kubana mkondo. Cape Town walikwenda na hii ya pili: kuanzia 1 Februari 2018 kila mtu alitakiwa asizidi lita 50 kwa siku, presha ikashushwa kwenye mabomba, na ile siku ya kufunga koki iliyokuwa ikihofiwa haikufika. Mimi niko upande wa lita. Leteni hoja, na mseme biashara ziwekwe wapi.

Fundi mtandao:
Lita, bila kusita. Mgao wa saa unadanganya kwa sababu koki kavu inaonekana kama akiba. Angalia ndani ya bomba. Maji yakifungwa, hewa inaingia. Yakifunguliwa kwa pupa, hewa inasukumwa mbele, bomba linagonga, viungo vilivyochoka vinaachia. Mita nyingi za feni hazitofautishi hewa na maji, kwa hiyo mteja analipia upepo. Baya zaidi, bomba lisilo na presha likipita karibu na mfereji wa maji taka, tundu lililokuwa likivujisha nje sasa linavuta ndani.

Na nyumbani je? Boya la tangi limekwama, maji yanarudi saa 6 usiku wakati wote wamelala, yanamwagika hadi saa 11 alfajiri. Lita 10 kwa dakika kwa saa tano ni lita 3,000. Kwa kikomo cha lita 50, hizo ni za mtu mmoja kwa siku 60.

Kinachookoa kweli ni presha. Ishushe kwa asilimia 10, na uvujaji unapungua kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kisha soma mita ya eneo kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Mtiririko mkubwa saa hizo si watu wanaooga, ni tundu.

Mtetezi wa wapangaji:
Hiyo presha unayoishusha ndiyo inayomkausha mpangaji wa ghorofa ya nne. Na kikomo chenu kinahesabu mita, hakihesabu vichwa. Chukua nyumba ya vyumba sita, kaya sita za watu wannewanne, mita moja. Watu 24 kwa lita 50 ni lita 1,200 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000). Kikomo kikiwekwa uniti 10 kwa mita, hao waliobana hadi tone la mwisho wanaandikwa wabadhirifu, na jirani wawili wenye bustani wanaoteketeza uniti 10 wanapita bila kuguswa. Hata bei inayopanda kwa ngazi inawaumiza hivyohivyo.

Fundi mtandao:
Hoja ya vichwa nakubali kabisa. Fomu ya idadi ya wakazi iende pamoja na kikomo, la sivyo ni uonevu. Kuhusu ghorofa: kila mita 10 za kwenda juu zinakula presha ya bar 1. Jengo refu liweke tangi chini na pampu ndogo ya kupandisha. Wasifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba kuu, kwani inanyonya maji ya majirani pamoja na uchafu wa kwenye nyufa.

Afisa wa usafi:
Lita 50 zinatosha, lakini kwa shida. Kuoga kwa ndoo 15, kuflashi mara tatu kwa tangi la lita 6 ni 18, kunywa na kupika 6, vyombo 5, kufua 6. Zimekwisha. Mwenye choo cha zamani cha lita 9 tayari ana deni la lita 9. Atumbukize ndani ya tangi chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji. Asiweke tofali, linamumunyuka na chembe zake zinakaa kwenye mpira wa kuziba, choo kinavuja usiku kucha. Ukishuku kinavuja, tia rangi ya chakula kwenye tangi, subiri dakika 20 bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, badilisha mpira.

Maji ya kufulia yamwagiwe miti, si mboga za kuliwa mbichi, na yasilale zaidi ya siku moja.

Mwenye mitambo:
Biashara msizikate asilimia 20 kwa mkupuo. Aliyeziba matundu mwaka jana hana cha kukata. Aliyekuwa akimwaga ovyo anakata akicheka. Pimeni kwa kazi: lita kwa kila gari lililooshwa, kwa kila kitanda kilicholaliwa. Muosha magari mwenye mpira wa lita 12 kwa dakika anamaliza 120 kwa dakika kumi, wa ndoo mbili anamaliza 40. Kwenye minara ya kupozea mitambo kwa maji, maji yakizungushwa hadi chumvi iwe mara sita ya yanayoingia badala ya mara tatu, ya kujazia yanapungua kwa asilimia 20. Ukipita hapo bila dawa, chokaa inaganda kwenye mabomba na umeme unaolipa unapanda.

Mpinzani:
Mnaongea kama kila nyumba ina mita nzima. Pale ambapo nusu ya mita zimekufa au hazipo, kikomo cha lita ni karatasi. Valvu inafungwa leo kwa ufunguo mmoja.

Fundi mtandao:
Hapo umenishika. Ikibidi saa, basi toeni saa chache kila siku badala ya siku mbili nzima kwa wiki, bomba lisikauke muda mrefu. Valvu ifunguliwe robo kwanza, hewa itoke kwenye valvu za hewa za sehemu za juu, ndipo iongezwe. Maji ya mwanzo yakitoka na rangi ya kutu, yaende chooni.

Mpinzani:
Na mita ziwekwe wakati huohuo, kuanzia kwa wateja wakubwa. Ukame ukiisha hakuna atakayezikumbuka.