Laptopu ya i5 ya kizazi cha 6 au ya i3 ya kizazi cha 11: ipi inamfaa mwanachuo?

Mgeni_Dodoma: Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri wa laptopu ya chuo, kozi ya uhasibu. Kazi ni Word, Excel, PDF, SPSS (programu ya takwimu) kidogo, Zoom na tabu nyingi za Chrome. Dukani kuna tatu, bei zinakaribiana: mpya yenye prosesa ya Celeron N4020 na RAM 4GB, EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5-6300U, RAM 8GB, na nyingine ya mtumba, i3-1115G4, RAM 8GB. Muuzaji anasema i5 siku zote inaizidi i3. Kweli?

Fundi_Bisibisi: Siyo kweli mkuu. i3, i5 na i7 unazilinganisha ndani ya kizazi kimoja tu. Tazama namba baada ya kistari: 6300U ni kizazi cha 6, 1115G4 ni cha 11. Zote mbili zina kore 2 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) na thredi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), ila i5 hiyo kasi yake inakomea 3.0 GHz na i3 inafika 4.1. Hapo i3 inashinda waziwazi.

Halafu kuna Windows. Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo, 6300U unaweza kuilazimisha ikapokea 11, lakini kila toleo kubwa likitoka unarudi kuhangaika.

Celeron achana nayo kabisa. Kore 2, thredi 2, na mara nyingi RAM imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu) na hifadhi ni eMMC (aina ya polepole) ya 64GB. Windows ikijisasisha mara mbili tatu, nafasi imeisha.

Kore_Nane: Naongeza ya nne: tafuta i5-8350U au 8250U. Kizazi cha 8 ndipo i5 za herufi U zilipopata kore 4 na thredi 8, na Zoom ikiwa wazi pamoja na Excel utaiona tofauti. Zipo kwenye ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5.

Ila T480 na 840 G5 zilitoka pia na i5-7300U, umbo la nje ni lilelile! Kwa hiyo usiamini stika. Washa mashine, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha CPU. Logical processors (yaani thredi) isome 8. Ikisoma 4, hela ibaki mfukoni kwanza.

Mgeni_Dodoma: Asanteni. Na Ryzen, zile prosesa za AMD, je? Nimeona 7520U, naambiwa ni ya kisasa.

Fundi_Bisibisi: Hiyo 7 ya mwanzo inadanganya. Kwenye namba za 7000 angalia tarakimu ya tatu: 7520U ni Zen 2, 7530U ni Zen 3, na Zen (muundo wa ndani wa prosesa) yenye namba kubwa ndiyo mpya zaidi. Ya kwanza ina kore 4 na RAM yake imechomelewa, ukinunua ya 8GB utabaki na 8GB. Ya pili ina kore 6.

Kore_Nane: Kabla ya kulipa, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ikiwa ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, ondoa bei ya betri mpya. Kisha cheza video dakika 20 huku ukitazama kasi palepale kwenye CPU. Mzigo upo na kasi imeganda chini ya 1 GHz? Huenda ni joto: feni imejaa vumbi au pesti ya kupitisha joto kwenye prosesa imekauka. Kwenye Dell shuku chaja kwanza, maana isipotambulika mashine hujipunguzia kasi yenyewe.