Mazoezi ya "hiari" yakimlaza mchezaji hospitali, kocha wa lakrosi abebe mzigo au asibebe?

Mleta mada (Maryland)

Wakuu, jambo hili ninalo moyoni tangu Septemba, leo nimeamua kulimwaga hapa tulijadili.

Kijana wangu anacheza lakrosi. Kwa wasioujua mchezo huu: watu kumi kila upande, kila mmoja ana fimbo yenye wavu mdogo kichwani, mpira mgumu wa raba, robo nne za dakika kumi na tano, na kugongana kwingi tu. Huku Maryland watoto wanashika fimbo kabla hawajajua kuendesha baiskeli, na wetu akaingia kwenye mkumbo huo huo. Makocha wa vyuo vya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, hawaruhusiwi na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kumtafuta mchezaji mpaka Septemba mosi ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Basi usiku ule, saa sita na dakika moja, simu ya kijana ikaanza kulia mfululizo. Mke wangu akaruka kitandani akidhani kuna msiba nyumbani.

Tangu hapo tumeshatembelea vyuo vitatu. Kila kocha mkuu anatuambia mwanenu nitamlea kama wangu. Nikamuuliza mmoja: mazoezi yasiyo kwenye ratiba rasmi anayasimamia nani? Akacheka. Akasema hayo ni ya hiari, vijana wanajipanga wenyewe.

Kicheko kile ndicho kimenileta hapa. Septemba 2024 pale chuo cha Tufts, karibu na Boston, timu ya wanaume ya lakrosi iliitisha mazoezi ya hiari ya dakika 45. Hii ni timu iliyokuwa imetoka kuchukua ubingwa wa taifa wa Daraja la Tatu mwezi Mei mwaka huo huo, wala si vijana legelege. Aliyeyaongoza ni mhitimu wa chuo hicho hicho, aliyekuwa ametoka karibuni kwenye mafunzo ya makomandoo wa jeshi la majini. Walihudhuria kama vijana 50. Tisa wakalazwa hospitali. Misuli ilikuwa imevunjika kwa kuzidishiwa kazi mpaka ikamwaga vitu vyake kwenye damu. Madaktari wanaita rabdomayolisisi, na mkojo ukishakuwa na rangi ya chai ya rangi ujue figo ziko hatarini. Chuo kikasimamisha mazoezi ya timu na kuagiza uchunguzi wa watu wa nje.

Msimamo wangu: kocha mkuu abebe mzigo wa kila zoezi linalofanywa kwa jina la timu, liwe la lazima au la hiari. Hakuna hiari mbele ya mtu anayepanga kikosi. Ila asibebeshwe yanayofanywa na vijana usiku kwenye nyumba walizopanga. Mike Pressler, kocha wa lakrosi wa chuo cha Duke, alibebeshwa hayo mwaka 2006 na ilikuwa dhuluma.

Nipingeni.

Mdau wa Kinondoni

Mkuu, huku kocha anatimuliwa kwa sare mbili, ninyi mnajadili mkojo. Lakini kwanza, huu mchezo wa wazungu matajiri mtoto wa Kibongo kaupatia wapi?

Mdau wa Kampala

Wa Kinondoni, wazungu waliukuta. Ni mchezo wa wenyeji wa Amerika Kaskazini, na Haudenosaunee, muungano wa baadhi ya mataifa ya wenyeji hao, mpaka leo wanacheza mashindano ya dunia kwa bendera yao. Na Uganda tulikuwa Denver mwaka 2014, timu ya kwanza ya Afrika kwenye kombe la dunia la lakrosi. Endeleeni na mada.

Kocha wa vijana, Massachusetts

Nimefundisha lakrosi ngazi ya shule miaka kadhaa, na nina marafiki kwenye mabenchi ya ufundi ya vyuo. Mleta mada anazungumza kama vile benchi ni la Ulaya, daktari hapa, mchambuzi wa video pale, mtu wa lishe kule. Njoo uone chuo cha kawaida. Kocha mkuu mmoja. Msaidizi wa mashambulizi, msaidizi wa ulinzi, na wa tatu anayekusanya yaliyobaki: makipa, wale vijana wa kugombea mpira wa kuanzia katikati, mabasi, hoteli, vyakula, na simu za wazazi kama wewe. Mazoezi ya nguvu mara nyingi yako mikononi mwa idara nyingine kabisa, inayohudumia michezo yote ya chuo, na bosi wake si kocha wa lakrosi.

Na huyo wa tatu mjue alivyoishi. Mpaka katikati ya 2023, Daraja la Kwanza lilikuwa na cheo cha "kocha wa kujitolea". Kazi ile ile ya wenzake, alfajiri mpaka usiku, mshahara sifuri. Alikula kwa kufundisha kambi za watoto kiangazi na kulala kwenye kochi la mwenzake. NCAA ilikifuta cheo hicho kuanzia Julai 1, 2023, baada ya makocha wa besiboli kwenda mahakamani. Hao walilipwa fidia ya dola milioni 49; kesi ya wenzao wa michezo mingine ikaja kumalizwa kwa dola milioni 303. Yaani neno "hiari" limewaumiza watu wa benchi kabla halijawaumiza wachezaji.

Ninachosema: ukitaka kocha mkuu abebe kila kitu, mpe na mamlaka ya kila kitu. Huwezi kumnyonga kwa ratiba aliyoandika mtu wa idara nyingine.

Mleta mada

Kocha, umenigusa kwa hilo la kujitolea, sikulijua. Lakini Tufts mgeni hakushuka na mwavuli. Kuna mtu alimkaribisha, na kuna mtu aliona karatasi ya mazoezi au alitakiwa kuiona. Mimi namtafuta mwenye ufunguo wa mlango.

Mama wa Ontario

Binti yangu alicheza miaka minne chuo kimoja huko Marekani, sitakitaja. Naomba niseme kitu ambacho ninyi wanaume mnakizungukazunguka.

Siku moja aliamka na homa. Kulikuwa na mbio za "hiari" saa kumi na mbili asubuhi. Nikamwambia baki ulale. Akanijibu, "Mama, hawahesabu waliokuja. Wanahesabu ambao hawakuja." Akaenda. Hakupatwa na kitu, namshukuru Mungu, ila sentensi ile sijaisahau.

Sasa wekeni juu yake mambo mapya. Tangu makubaliano ya kesi ya House, ile ya wachezaji kuishtaki NCAA wakidai malipo, yalipoidhinishwa Juni 2025, vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyojiunga navyo vina ukomo wa idadi ya wachezaji: lakrosi ya wanaume 48, ya wanawake 38. Zamani ukomo ulikuwa kwenye ufadhili wa masomo, 12.6 kwa wanaume na 12 kwa wanawake, na kocha aliweza kubeba kijana wa 55 au wa 60 asiyelipiwa. Leo nafasi ya 49 haipo. Mnadhani kijana wa 47 atakosa mazoezi ya hiari?

Kocha wa vijana, Massachusetts

Mama, heshima kwako. Ila kumbuka Tufts ni Daraja la Tatu. Ukomo huo hauwagusi, na Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo hata senti. Kijana pale hana fedha ya kupoteza.

Mama wa Ontario

Na bado walikuja kama hamsini. Wewe mwenyewe umenisaidia hoja, mwanangu.

Mwanasheria, Nairobi

Nimesoma yote. Mleta mada amechora mstari: mazoezi ni ya kocha, nyumbani si kwa kocha. Ni mstari mzuri kwa macho, lakini nyaraka zenyewe hazimuungi mkono sana.

Chukua Duke. Machi 2006, wachezaji walifanya sherehe kwenye nyumba ya kupanga, mwanamke aliyeajiriwa kucheza dansi akadai amebakwa. Aprili 5 Pressler akajiuzulu kwa kusukumwa, msimu ukafutwa. Mwaka mmoja tu kabla alikuwa amefika fainali ya taifa na kukosa kombe kwa bao moja. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa North Carolina, Roy Cooper, akafuta mashtaka na kutamka kwamba vijana watatu walioshtakiwa hawana hatia. Mwendesha mashtaka Mike Nifong akanyang'anywa leseni. Desemba 2024 mlalamikaji mwenyewe akakiri hadharani kwamba alidanganya. Hapo sote tunakubaliana na mleta mada. Kocha alitolewa kafara.

Lakini kuna ripoti ya kamati ya Profesa James Coleman, iliyoandikwa Mei 2006 wakati moto bado unawaka. Haikukuta timu ya wabaguzi wala wabakaji. Ilikuta pombe, na makosa madogo madogo yaliyojirudia miaka mingi, na wakubwa wa chuo ambao hawakumfikishia kocha uzito wa taarifa zilizokuwa zikirundikana kwao. Kwa hiyo swali halikuwa kama kocha alikuwepo kwenye ile nyumba. Swali lilikuwa nani alijua na hakumwambia nani.

Miaka minne baadaye, Chuo Kikuu cha Virginia. Yeardley Love, mchezaji wa timu ya wanawake, aliuawa Mei 2010 na George Huguely, mchezaji wa timu ya wanaume, waliyewahi kuwa wapenzi. Huguely alikuwa ameshakamatwa na polisi mwaka 2008 katika mji mwingine, na chuo hakikuwa na habari. Familia ya marehemu iliwashtaki makocha wa timu ya wanaume na mkurugenzi wa michezo, kisha ikaiondoa kesi. Hakuna hakimu aliyewaona makocha na hatia, nisieleweke vibaya. Lakini baada ya hapo chuo kiliwalazimisha wanafunzi kutamka kila muhula kama wamekamatwa na polisi. Mleta mada, kwa mstari wako, jambo hilo halimhusu kocha kwa sababu lilitokea usiku, chumbani. Ungekuwa mzazi wa binti yule ungeandika hivyo?

Mdau wa Kinondoni

Hapa nimeacha utani.

Mleta mada

Nimekaa na simu mkononi dakika ishirini, Wakili. La, nisingeandika hivyo.

Nikuambie kilichonifanya niuchore mstari ule. Nilikuwa nimemfikiria kijana wangu tu, kwamba asije akaumizwa uwanjani. Sikumfikiria kama mtu anayeweza kumuumiza mwingine. Wazazi wa wavulana tuna ugonjwa huo.

Basi narekebisha, lakini siachi yote. Kumfukuza mtu kwa shutuma ambazo hazijapimwa, kama ilivyofanyika Duke, bado naiita dhuluma. Aliyepokea kiti, John Danowski, akachukua makombe matatu, 2010, 2013 na 2014, na watu wakasahau mapema sana. Pressler akaenda Bryant, chuo kidogo, na 2010 akaiongoza timu ya taifa ya Marekani kushinda dunia. Wanaosema mwisho wake ulikuwa mzuri hawajui maana ya kuhamisha familia huku jina lako likisomwa kila jioni kwenye habari.

Kocha wa vijana, Massachusetts

Niongeze moja la kutenda. Kanuni za NCAA zinampa daktari au mtaalamu wa tiba wa timu neno la mwisho juu ya afya ya mchezaji, na kocha haruhusiwi kulipinga. Tatizo ni kwamba mamlaka hayo yanafanya kazi mtaalamu akiwepo na mtu akimuuliza. Mpango wa mazoezi ukipita mlango wa nyuma, yeye anakutana na majeruhi akiwa ameshalala kitandani. Ukienda kutembelea chuo usiulize falsafa ya kocha, wote wameikariri. Uliza mpango wa mazoezi husainiwa na nani kabla ya kijana kunyanyua kitu, na mgeni akialikwa kuongoza, nani anaupitia. Kama ni chuo kilichojipanga utapewa jina la mtu papo hapo. Wakianza kutazamana, chukua kofia yako.

Mwanasheria, Nairobi

Na waulize hilo mbele ya kijana, asikie mwenyewe.

Mama wa Ontario

Muulize pia akisema hapana itakuwaje. Usikubali wakujibu "hakuna shida". Waulize ni mchezaji gani aliyewahi kusema hapana akaanza mechi iliyofuata.

Mleta mada

Jumamosi tunarudi kwa yule aliyecheka. Kijana anampenda, anasema ndiye kocha pekee aliyemtazama machoni. Nimeandika maswali mawili ya kocha wetu hapa na moja la Mama kwenye karatasi, nimeiweka kwenye mfuko wa koti.

Mdau wa Kinondoni

Ukirudi utuambie kama alicheka tena.