MJADALA: Sponsa wa shule ya umma mamlaka yake yanaishia wapi?

Wadau, naleta hili tulijadili bila kutukanana, maana huku Kenya kila mwaka linazuka na kila mwaka linafunikwa. Shule zetu nyingi za umma zina sponsa, yaani mlezi wa shule anayetambuliwa na sheria, na mara nyingi sponsa ni kanisa, awe Mkatoliki, Anglikana, Methodist, PCEA (Wapresbiteri) au Waadventista, na ziko pia zilizo chini ya Waislamu. Sasa kama shule inaendeshwa na pesa za serikali, huyu sponsa anaweza kumwamuru nini mtoto wa dini nyingine?

Hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba kanisa ndilo lililojenga. Ni kweli, na tusiwanyime haki yao. Wamishonari walifika Rabai 1846 na shule nyingi kongwe tunazojivunia zimesimama kwenye ardhi ya kanisa mpaka leo. Lakini baada ya uhuru serikali ilichukua usimamizi, Sheria ya Elimu ya 1968 ikawaachia makanisa nafasi ya usponsa, na tangu hapo anayebeba mzigo amebadilika. Mwalimu analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, mtoto wa sekondari alipangiwa mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kuanzia 2018 (kama unafika kwa wakati au haufiki huo ni ugomvi mwingine kabisa), madarasa mengi yamejengwa na CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, na kinachopungua kinamtoka mzazi. Kuna masponsa wanaoleta kitu, wanachimba kisima, wanajenga maabara, wanalipia watoto yatima, hao nawavulia kofia. Lakini wapo ambao utawaona tu siku ya maombi ya watahiniwa na siku mwalimu mkuu mpya anapoletwa.

Na hapo kwa mwalimu mkuu ndipo moto unapowaka. TSC inamhamisha mtu, anafika na barua yake mkononi, anakuta geti limepigwa kufuli na waumini wamesimama na matawi wanasema huyu si wa dhehebu letu hataingia. Wanafunzi wako ndani hawasomi, na hakuna anayeuliza kule alikotoka aliendesha shule vipi. Someni wenyewe kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Sponsa anapewa wawakilishi kwenye bodi, anaruhusiwa kushauri juu ya mtaala na malezi ya kiroho, anaweza kuleta kasisi KWA GHARAMA YAKE, na anatakiwa achangie pesa na majengo. Kuchagua mwalimu mkuu hakumo humo. Tena kifungu hicho hicho kinasema hayo malezi ya kiroho yaende pamoja na kulinda imani za wengine, na hiyo sehemu ndiyo watu wanairuka wakisoma.

Sasa tuje kwa hijabu. Kesi ya Isiolo mnaikumbuka, shule ya St. Paul's Kiwanjani, ya kutwa, sponsa ni Kanisa la Methodist. Wasichana Waislamu waliomba wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, kanisa likaenda mahakamani kupinga, Mahakama Kuu ikakubaliana na kanisa 2015, Mahakama ya Rufaa ikapindua 2016, halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ya Rufaa kwa sababu ombi lenyewe la hijabu halikuwasilishwa kwa utaratibu unaofaa. Yaani swali lenyewe halikukatwa! Miaka yote hiyo wasichana wamekua na shule wamemaliza na mwalimu mkuu wa leo bado anaamua kivyake pale getini, huyu anaruhusu, yule anamwambia mtoto avue kilemba mbele ya wenzake wote kwenye paredi. Mimi nasema hilo la kuvuliwa hadharani ni dhuluma, na ningesema hivyo hivyo kama ni msichana Mkristo analazimishwa kujifunika kwenye shule iliyo chini ya Waislamu. Waadventista nao walihangaika kortini kwa ajili ya watoto wao kulazimishwa masomo Jumamosi, siku yao ya ibada, mpaka Mahakama ya Rufaa ikawapa haki 2017, kwa hiyo hili si la Waislamu peke yao, ni la yeyote aliye wachache mahali alipo.

Kuna wanaojibu kwamba asiyetaka sheria za shule ahame. Ahame aende wapi jamani? Mtoto anaingia sekondari kwa kupangiwa na wizara, na mzazi wa kipato kidogo anachukua shule ya kutwa iliyo karibu kwa sababu nauli ya kwenda nyingine hana. Katiba kifungu cha 32 inasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume na imani yake wala asinyimwe nafasi kwenye taasisi kwa ajili ya imani hiyo. Kumwambia mtoto achague kati ya dawati na dini ni kumnyima, hata kama barua ya kumfukuza haikuandikwa.

Ufaransa, ambako serikali na dini vimetenganishwa kwa sheria tangu 1905, walikuja na sheria nyingine 1959, shule ya kanisa ikitia saini mkataba serikali inalipa walimu wake, lakini inafuata mtaala wa taifa na inapokea kila mtoto bila kumuuliza anasali wapi. Simaanishi tuwaige kila kitu, maana hijabu wameipiga marufuku shule za umma tangu 2004 na hilo silikubali hata kidogo. Ila hilo sharti la pesa mimi naliona ni haki, ukipokea za umma pokea na watoto wa umma wote.

Ninachotaka ni wizara itoe mwongozo mmoja wa nchi nzima, ibada isiwe lazima kwa asiye wa dini hiyo, vazi la dini lenye rangi ya sare liruhusiwe, na bodi isigeuzwe kamati ya parokia. Sponsa abaki, alete kasisi wake, afundishe walio wake.

Mlio kwenye bodi za shule semeni ukweli, kwenu sponsa mara ya mwisho alileta nini, na mtoto asiye wa dini yake anakuwa wapi wakati wenzake wako kwenye ibada?