Titresheni: majibu matatu hayakubaliani, nichukue wastani?

Mwaka1_Kemia: Habari wakuu. Nasoma shahada ya sayansi, chuo kikuu cha serikali. Kwenye praktiko ya titresheni (kupima ukali wa kimiminika kimoja kwa kukiongezea kingine hadi rangi ibadilike), asidi haidrokloriki ml 25.00 iko kwenye chupa ya koni, NaOH (sodiamu haidroksaidi) kwenye bureti (mrija wenye vipimo na koki chini), kiashiria cha rangi ni fenolfthalini. NaOH iliyotumika nimepata ml 24.75, 24.10 na 23.60. Naruhusiwa kuchukua wastani? Pia NaOH nimepima gramu 4.00, nikajaza maji hadi lita moja. Niandike molari (moli kwa lita) 0.1000?

Bureti50: Wastani hapana. Unatafuta majibu yanayopishana kwa ml 0.10 au chini. Yako yamepishana kwa 1.15. Tena yanashuka mfululizo, na hapo nashuku bureti ilisuuzwa kwa maji tu. Maji yaliyobaki yanazimua NaOH, hivyo mara ya kwanza unatumia nyingi, kisha yanapungua kila unapojaza upya. Suuza bureti mara mbili kwa NaOH yenyewe, ml 5 kila mara, na uipitishe hadi kwenye ncha. Pipeti (mrija wa kupimia ile ml 25) isuuze kwa asidi. Chupa ya koni isuuze kwa maji yaliyokenekwa (distilled) tu. Ukiisuuza kwa asidi umeongeza asidi usiyoihesabu.

Ondoa faneli kabla ya kusoma: tone likidondoka kutoka humo, jibu linashuka. Kiputo cha hewa chini ya koki kikitoka katikati ya kazi, jibu linapanda. Na tone la mwisho kwenye ncha ya pipeti usilipulize, limeshahesabiwa.

Ukikaribia mwisho, tone moja ni kama ml 0.05. Simama kwenye rangi ya waridi hafifu linalodumu sekunde 30. Likififia baadaye ni hewa ukaa inayoingia, usiongeze kitu.

Mizani_4: Kuhusu 0.1000, hapana. NaOH hunyonya unyevu na hewa ukaa ikiwa bado kwenye mizani, kwa hiyo gramu 4.00 si NaOH tupu. Andika "takriban 0.1", kisha uisanifishe (upate ukali wake halisi) kwa potasiamu haidrojeni fthaleti (204.22 g/mol). Fthaleti hiyo ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa moja au mbili, ipoe ndani ya desiketa (chombo kikavu kinachozuia unyevu), pima karibu gramu 0.51 kwa desimali nne, yeyusha kwenye maji kama ml 50. Maji hayo hayahitaji kipimo kamili, kwa sababu moli zimeamuliwa na mizani. Gramu 0.51 itakula karibu ml 25 za NaOH.

Bureti50: Naongezea: NaOH ihifadhi kwenye chupa ya plastiki. Kizibo cha kioo hung'ang'ania.