Eti "kosa ni miguu yako"! Mkodisha mabuti wa mjini kwetu amenivukia mipaka

Mgumu wa Machame

Wakuu habari za jioni. Sijatia kitu tumboni tangu saa 4 asubuhi na sitakula mpaka nimalize kuandika hapa.

Yule mkodisha vifaa vya mlima mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye mabuti yananing'inia mlangoni kama mkungu wa ndizi, anayekunywa kikombe kimoja cha chai kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Leo amenitazama usoni, mbele ya wateja wanne na fundi baiskeli, akanitamkia: "Mdogo wangu, buti halina kosa. Kosa ni miguu yako."

MIGUU YANGU! Miguu iliyobeba mizigo ya watu njia ya Machame miaka 6 kabla sijawa mwongozaji! Miguu ambayo mama yangu mzazi anaiombea!

Mwezi uliopita nilimwendea nikamwambia naenda Rwenzori kule Uganda, kilele cha Margherita, mita 5,109. Kule bado unavaa kramponi (yale meno makali ya kufunga chini ya buti yashike barafu) na kufungwa kamba, si kama kwetu Kilimanjaro ambako mgeni anafika Uhuru na viatu vya kutembelea, barafu anaipigia picha tu pembeni. Nikamweleza polepole kama namweleza mtoto: nataka buti la barafu la kiangazi, jepesi. Sitaki yale madude ya Himalaya ya tabaka 2, nitachoka kabla sijafika. Liwe kama gramu 700 kwa mguu mmoja, soli isipinde, na liwe na mdomo wa kushikia kramponi, mbele na kisiginoni. Nikamchorea mpaka mchoro nyuma ya risiti!

Akatoa buti la kijivu, jepesi kama andazi la juzi, pamoja na kramponi za waya mbele na klipu nyuma. Nikalikunja kwa mkono, likakunjika. Nikamuuliza, kaka, mbona linapinda? Akasema: "Buti ni buti. Likipata baridi litakaza lenyewe."

Siku za matope tulivaa gambuti kama kila mtu anayepanda kule, buti likawa salama begani. Kambi ya Elena, mita 4,541, tukaamka usiku wa manane. Tumefika ukingo wa barafu ya Stanley, nikavaa. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu soli ikapinda, waya wa mbele ukachomoka, nikaenda mimi, kramponi ikabaki nyuma imesimama kwenye barafu kama punda aliyegoma. Kiongozi wetu, kijana wa Kikonjo mpole sana, alimulika kile kiatu akanyamaza kwa muda mrefu kuliko ibada ya mkesha wa Pasaka. Kisha akaniuliza: "Kaka, hiki kiatu ulipewa na adui yako?"

Tukafunga kwa kamba ya hema. Ikachomoka. Tukafunga tena. Ikachomoka. Wenzangu wawili tuko nao kwenye kamba moja. Mmoja akiteleza anawazoa wote. Kiongozi akasema hapana. Wao wakaendelea, mimi nikarudishwa Elena kukaa na majiko.

Nimesafiri kwa basi kutoka Moshi, Nairobi, Kampala mpaka Kasese, halafu leo namrudishia buti lake ananiambia kosa ni miguu yako! Na ameikata amana yangu hela ya kusafisha matope. Matope gani? Buti lilikaa begani! Lingepata wapi matope kama halikutembea hata hatua 10?

Kosa ni miguu yako. Wakuu, mbele ya fundi baiskeli.

Soli Ngumu

Pole sana mkuu. Huyo mtu ni janga. Mimi alinipa koti ambalo zipu inafunga kuanzia kifuani kwenda juu tu, tumbo likapigwa na upepo Barafu Camp usiku kucha.

Ila na wewe. Buti limekunjika mkononi mwako dukani, ukalibeba mpaka Uganda?

Mgumu wa Machame

Nilimwamini! Mtu mzima amekaa kwenye biashara hiyo miaka yote anakwambia litakaza, utambishia?

Kaka Tochi

Ndiyo, unambishia. Wazungu wameyapanga kwa madaraja, mkuu. B1 inapinda kidogo, unaifunga kramponi za mikanda tu. B2 ni ngumu na ina mdomo kisiginoni, inapokea zile za kikapu mbele na klipu nyuma. B3 haipindi, ina mdomo mbele na nyuma, ndiyo inayokubali waya. Wewe ulipewa kiatu cha kwendea sokoni na kramponi za B3. Hata ufunge kwa mnyororo, soli ikipinda waya unatoka.

Siku nyingine vaa kramponi hapohapo dukani bila kufunga mkanda, inua mguu, utikise. Ikianguka, muachie chake.

Mgumu wa Machame

Sasa haya si ndiyo niliyomchorea? Mdomo mbele, mdomo nyuma, soli ngumu! Risiti anayo! Badala ya kuniomba radhi ananiambia kosa ni miguu yako!

Mzee wa Historia

Vijana mnalialia sana. Mwaka 1938 Heinrich Harrer alipanda ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger kule Uswisi bila kramponi kabisa. Mabuti ya misumari. Akafika juu.

Mgumu wa Machame

Shikamoo mzee. Alifika kwa sababu aliyeongoza mbele alikuwa Anderl Heckmair mwenye kramponi za meno 12. Mimi aliyekuwa mbele yangu alikuwa anakwenda kileleni na mimi naelekea jikoni.

Mzee wa Historia

Marahaba. Bado umelialia.

Mwana Nanyuki

Huku Kenya tunamwelewa mleta mada. Wa kwetu huku alinipa mabuti mawili ya mguu wa kushoto. Nikamrudishia, akaniambia nikivaa soksi mbili sitajua tofauti. Nilitembea njia ya Sirimon nikipinda kuelekea kulia kama gari lililogongwa.

Soli Ngumu

Huyo wa kwako ni ndugu wa huyu wetu, baba mmoja mama mmoja.

Mwana Nanyuki

Na barafu yenyewe inakwisha. Thumbi Mathenge na Phil Snyder walipanda Diamond Couloir, lile korongo la barafu la Mlima Kenya, mwaka 1973, lilikuwa barafu tupu. Siku hizi sehemu ya chini unakuta mwamba mtupu. Barafu ya Lewis nayo, hukohuko, imebaki kama shuka lililoraruka. Tutakodi kramponi za kupandia nini?

Mama Supu

Mimi ni mpishi wa mlimani na nina langu. Mbona hakuna anayefungua uzi kuhusu wateja wanaoacha viatu kama bahshishi? Nimeachiwa buti namba 47, la mguu mmoja. Mmoja! Mwenzake amekwenda nao Ulaya kufanya nini?

Mwana Nanyuki

La mguu gani? Kama ni la kulia nitalinunua.

Mgumu wa Machame

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Mtu ameniambia kosa ni miguu yako.

Kaka Tochi

Kwani una miguu ya namna gani? Weka picha.

Mgumu wa Machame

Siweki picha ya miguu yangu mtandaoni. Ni miguu ya kawaida, namba 43!

Soli Ngumu

Na kama mnakwenda Rwenzori msichukue kramponi za alumini. Ni nyepesi, sawa, lakini kule unavuka miamba kati ya barafu ya Stanley na ile ya Margherita, meno yanaisha. Chukua chuma.

Mama Supu

Yote hayo ya nini? Umesikia mwenyewe, kule siku zote za matope ni gambuti. Gambuti halina mdomo wa mbele wala wa nyuma na halijawahi kumdhalilisha mtu.

Mwana Nanyuki

Gambuti nzuri ni zile za kijani zenye kitambaa ndani. Nyeusi zinachubua shavu la mguu.

Soli Ngumu

Nyeusi ndizo zinazodumu. Mimi nina za mwaka 2014.

Mama Supu

Za kijani zinapasuka kifundoni mwezi wa pili tu. Nani anajua kama pale soko la Memorial wanazo namba 40?

Kaka Tochi

Wanazo. Wahi asubuhi, mchana zinabaki 45 tupu.

Mgumu wa Machame

Mbele ya fundi baiskeli, wakuu.

Mama Supu

Na bei je?