Antaktika: meli ndogo, meli kubwa, au kuruka mlango-bahari wa Drake (kati ya Amerika Kusini na Antaktika) kwa ndege?

Mwambao77: Wakuu salaam. Mimi na mwenzangu tunataka kwenda Antaktika bila kuwa sehemu ya uharibifu wa bahari ile. Nimeletewa bei tatu: meli ya abiria 120, meli ya abiria 480 (nafuu kuliko zote), na ya kuruka kwa ndege toka Punta Arenas hadi kisiwa cha King George kisha kupanda meli. Amana ni Ijumaa. Nichukue ipi?

Kasa_Mzee: Mkuu, ya maana yote umeyaficha. Mwezi gani? Pasi ya nchi gani? Ushuaia, bandari wanakopandia meli, ni Argentina, Punta Arenas ni Chile, hizo ni viza mbili mbalimbali. Na mwenzako bahari haimlevyi?

BiNahodha: Hiyo ya 480 achana nayo. IAATO, umoja wa kampuni za utalii wa kule, hauruhusu zaidi ya abiria 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja. Watu 480 ni zamu tano, siku imeisha nawe umeshuka mara moja. Watu 120 ni zamu mbili: kundi moja liko nchi kavu, la pili linazungushwa kwa boti za mpira, halafu wanabadilishana. Zinazozidi 500 hazishushi mtu kabisa.

Kusi_Kali: Udogo si kinga. Meli ya Explorer ilikuwa ndogo, tena imejengwa kwa ajili ya barafu. Tarehe 23 Novemba 2007 ikatobolewa na barafu katika mlango-bahari wa Bransfield, kulekule Antaktika. Watu wote 154 walikaa kwenye boti za kuokolea kwa saa kadhaa, baridi ile, mpaka meli ya Nordnorge ikawapakia. Wote walipona, lakini meli ilizama na mafuta yake. Uchunguzi wa Liberia, ambayo bendera yake ilipepea kwenye Explorer, ulisema nahodha alidhani ni barafu laini ya mwaka mmoja, kumbe ngumu ya nchi kavu. Kwa hiyo uliza daraja la barafu la meli (kiwango cha uimara wake dhidi ya barafu), na nahodha ana misimu mingapi kule. Muuzaji akikwambia "hatutumii mafuta mazito", asikubabaishe: yamepigwa marufuku kusini ya latitudo 60 tangu Agosti 2011. Huko ni kutii sheria tu. Muulize kama meli yao hushusha mwendo hadi maili 10 za baharini kwa saa penye nyangumi.

Kasa_Mzee: Na mbegu za kigeni je? Nyasi ya *Poa annua* iliota jirani na kituo cha Arctowski cha Poland, ililetwa na watu, si pengwini. Fyonza vumbi mifuko ya kamera, pindo za suruali, na hasa Velcro (vifungo vya kunasa). Humo mbegu utazitoa kwa kibano, moja moja. Tangu mafua makali ya ndege yafike, hakuna kukaa, kupiga goti wala kuweka begi chini. Pengwini mita 5, sili wa manyoya mita 15.

Mwambao77: Asanteni. Desemba au Februari. Bahari inamlevya kidogo.

BiNahodha: Desemba mayai na vifaranga wa kwanza, Februari nyangumi wengi zaidi. Kibandiko cha skopolamini (dawa ya kuzuia kulevywa na bahari) nyuma ya sikio, masaa manne kabla ya Drake, kinadumu siku tatu. Nawa mikono, ukigusa jicho mboni inapanuka. Mwenye presha ya macho asikiguse. Kuruka kunaepusha Drake, ila ukungu wa King George huzuia ndege kutua, usifunge tiketi ya kurudi siku hiyohiyo.

Potwe_Kilindoni: Pesa yote hiyo kuangalia barafu! Kisiwani Mafia, Oktoba hadi Machi, potwe (papa nyangumi) wako hapo hapo.

Kusi_Kali: Wapo, na boti sita zimemzunguka mmoja. Hiyo ndiyo hifadhi?

Potwe_Kilindoni: Chagua nahodha anayezima injini mbali, anayemshusha mgeni taratibu bila kumrukia samaki. Mita 3 toka mwilini, 4 toka mkiani, na mafuta ya kujikinga na jua usipake, vaa fulana ya mikono mirefu.

Kusi_Kali: Na akikuta boti nyingine imeshamfikia, atangoja?