Usiku wa Noeli katika kanisa kuu: nyimbo za Ulaya zitangulie, au za kwetu?

Sauti ya Pili (Dar es Salaam): Wapendwa, katika mkesha uliopita kwaya yetu ya kanisa kuu iliimba nyimbo kumi na mbili kabla ya Misa, na kumi kati ya hizo zilikuwa za Ulaya zilizotafsiriwa. Waamini walikaa kimya kama watu wanaosubiri tangazo. Ulipofika wimbo wa kumi na moja, ambao ni wa kwetu, kayamba lilipoingia tu, bibi mmoja aliyeketi karibu na nguzo akapiga kigelegele, na kanisa zima likaitikia. Nauliza kwa nia njema: kwa nini nyimbo za kwetu zisubiri hadi watu wamechoka?

Besi Mkongwe: Ndugu mwanzisha mada, kanisa kuu ni kiti cha askofu, nalo linapaswa kuwa kielelezo kwa parokia zote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya liturujia, ibara ya 120, unataka kinanda cha mabomba kipewe heshima kubwa. Nyimbo hizo za Ulaya zimetoka katika makanisa makuu. Huo wa usiku mtakatifu, kama sikosei, ulitungwa kwa ajili ya kanisa kuu la Vienna. Ukweli ambao hatutaki kuusema ni kwamba waimbaji wengi wa leo, hasa wa sauti ya tatu, hawasomi noti bali wanakaririshwa, na ndiyo maana wanakimbilia kayamba.

Tena wa Songea: Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mchango wako mara mbili, nikitumaini kwamba mkono umeteleza. Mimi nimeimba sauti ya tatu kwa miaka 19. Mwalimu wetu hutoka shambani jioni, akala, kisha akakaa na taa kuandika solfa, yaani noti za herufi za doh, re, mi, kwa mkono, sauti zote nne zikiwa zimepangwa safu juu ya safu, nukta na koloni zikionyesha mapigo, na pembeni ameandika doh, sauti ya msingi ya wimbo, ni ipi. Karatasi hiyo hupita mikononi mwa watu arobaini hadi kona zake zinalainika kama kitambaa. Je, huko ndiko kukaririshwa?

Besi Mkongwe: Marahaba, mwanangu. Sikuitaja solfa. Nilitaja noti za mistari mitano, ambazo ndizo lugha ya muziki duniani kote.

Tena wa Songea: Basi umetutukana mara ya pili, mzee, na safari hii kwa makusudi. Solfa nayo imetoka Uingereza; John Curwen aliieneza huko katika karne ya 19 ili watu wa kawaida, hata watoto wa shule za Jumapili, waweze kuimba bila kuwa na kinanda nyumbani. Leo tunaitumia vizuri kuliko wenyewe, nawe unaiona si kitu.

Dada wa Leicester: Naomba kurekebisha jambo moja kabla halijageuka kuwa historia. Wimbo wa usiku mtakatifu haukutungwa Vienna, wala si wa kanisa kuu lolote. Uliimbwa kwa mara ya kwanza mkesha wa Noeli wa 1818 huko Oberndorf, mji mdogo karibu na Salzburg. Maneno yaliandikwa na padre msaidizi, Joseph Mohr, na sauti zilitungwa na mwalimu wa shule, Franz Gruber. Waliimba kwa Kijerumani, lugha ya watu wao, tena kwa gitaa. Hata ibada ya masomo tisa na nyimbo, ambayo huku inahesabika kuwa kilele cha Krismasi, ilianza Truro, Uingereza, mwaka 1880 chini ya Askofu Benson, katika kanisa la muda la mbao, kwa kuwa kanisa kuu lilikuwa bado linajengwa. King's College ya Cambridge, ambayo wengi hudhani ni kanisa kuu ilhali ni kanisa la chuo, iliichukua mwaka 1918.

Mwana wa Mkunazini: Dada, mwaka huo wa 1880 umenigusa. Jiwe la msingi la kanisa kuu letu la Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na katika uwanja wa soko lenyewe. Maana yake ni kwamba kanisa letu limeitangulia ibada hiyo kwa miaka saba. Askofu Steere, aliyelijenga, ndiye aliyekitafsiri Kiswahilini Kitabu cha Agano Jipya. Sielewi kwa nini katika nyumba kama hiyo tuambiwe kwamba ukale uko ng'ambo tu.

Sauti ya Pili (Dar es Salaam): Ahsanteni, lakini naomba turudi kwenye mpangilio wa nyimbo. Mzee ametaja ibara ya 120. Ibara ya 119, iliyo juu yake, inasema kwamba kuna mataifa, hasa katika nchi za misioni, yenye muziki wake wenyewe, na kwamba muziki huo upewe heshima na nafasi inayostahili.

Mwalimu wa Kwaya: Mimi nazungumzia kinywa cha mwimbaji. Neno "mtakatifu" lina silabi tano, m-ta-ka-ti-fu, na mkazo wake uko kwenye "ti". Wimbo uliotafsiriwa vibaya huibana "m" na "ta" katika noti moja, kisha hulipandisha "ka" juu kabisa, na msikilizaji husikia sauti nzuri isiyo na neno. Watoto wa kwaya yangu waliimba mstari mmoja hivyo kwa miaka mitatu bila kujua unasema nini. Sizikatai nyimbo hizo. Nakataa tafsiri isiyoheshimu Kiswahili, iwe imeandikwa kwa solfa au kwa mistari mitano.

Besi Mkongwe: Kuhusu Vienna nimekosea, na namshukuru dada. Kuhusu noti sijabadilisha msimamo. Hata hivyo, wewe kijana wa Songea, huo wimbo wa mwalimu wenu unaanzia doh ipi? Kama ni F, besi zangu wataweza.

Tena wa Songea: Ni G, mzee, na hatuishushi.

Besi Mkongwe: Basi besi wangu watapasuka sauti kabla ya Gloria.